Padauk kwa maandishi ya Kiburma: tathmini ya fonti niliyoisakinisha Kariakoo

Steshenari yetu ipo Kariakoo, na kazi zake nyingi ni zile za kila siku: kuchapa barua za maombi ya kazi, kutoa kopi, kutengeneza kadi za michango ya harusi na, mara chache, kupanga kurasa za vijitabu vya familia. Kijitabu kimoja cha namna hiyo ndicho kilichonilazimu kusakinisha fonti ya Kiburma katika kompyuta tatu na kuitumia kwa wiki sita. Naandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu wa kazi hii, ambao siku moja wanaweza kuletewa kazi kama yangu wakiwa hawana pa kuanzia.

Mteja alikuwa mwalimu mstaafu ambaye marehemu baba yake alikuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, akapelekwa Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyopita bonde la Kabaw katika mvua na matope ya 1944 na kufika Kalewa, kando ya mto Chindwin, mwanzoni mwa Desemba mwaka huo. Alitaka majina ya mahali hapo yaandikwe kwa herufi zetu na kwa herufi za wenyeji, na alikuwa amempata mtu wa Yangon, mji wa Myanmar, nchi ambayo zamani iliitwa Burma, aliyemwandikia maelezo ya picha kumi na nne pamoja na ukurasa mmoja wa salamu. Kwamba kijitabu cha askari kilipangwa Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza, ni jambo ambalo mwalimu mwenyewe alilitaja kabla sijaliwaza.

Fonti niliyoichagua ni Padauk. Hutolewa na SIL, shirika linaloshughulika na lugha za dunia, chini ya leseni ya OFL, ambayo humruhusu mtu yeyote kuitumia, kuinakili, kuirekebisha na kuipachika ndani ya hati bila kulipa chochote. Kwa ofisi ndogo jambo hili si dogo, kwa kuwa mteja anapoondoka na kazi yake kwenye flashi, fonti inaweza kuondoka nayo kihalali. Jina la Padauk ni la mti unaochanua maua ya manjano huko Myanmar, nao ni jamaa wa mninga wetu, kwa sababu miti yote miwili ni ya jenasi ya Pterocarpus. Nakiri kwamba ukoo huo ulinifanya niipendelee fonti hiyo hata kabla ya kuijaribu.

Kusakinisha kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Katika kompyuta yenye Windows 10 nilipakua faili lililobanwa, nikalifungua, nikayabofya mafaili ya fonti kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua kusakinisha. Hapo kuna mtego mmoja ambao ulinipotezea asubuhi nzima. Matoleo ya karibuni ya Windows 10 husakinisha fonti kwa mtumiaji mmoja tu isipokuwa ukichagua amri ya pili, ile ya kusakinisha kwa watumiaji wote, na baadhi ya programu za zamani hazizioni kabisa fonti za mtumiaji mmoja. Padauk ilikuwa inaonekana katika programu moja na haionekani katika nyingine ndani ya kompyuta ile ile, nami nikawa nalilaumu faili nililopakua. Nilipoisakinisha upya kwa amri ya pili, tatizo liliisha. Katika kompyuta yenye mfumo wa Ubuntu sikuhitaji hata kupakua faili kwa mkono, kwa kuwa fonti hiyo ipo katika hazina ya programu kwa jina la fonts-sil-padauk, na amri moja ilitosha.

Kompyuta ya tatu ndiyo iliyonifundisha zaidi. Ni kongwe, ina Windows 7, na tunaitumia kwa kuchapa barua tu. Fonti ilisakinika bila malalamiko yoyote, herufi zikaonekana, lakini hazikupangwa: irabu iliyopaswa kukaa kushoto mwa konsonanti ilibaki kulia, na alama zilizopaswa kushuka chini ya herufi zilisimama pembeni yake kama abiria waliokosa kiti. Sababu yake ni kwamba Kiburma hakitoshelezwi na picha za herufi peke yake. Aliyesoma khati ya Kiarabu madrasa ataelewa upesi: herufi ya ‘ayn ni moja, lakini mwanzoni mwa neno ina sura yake, katikati sura nyingine, mwishoni nyingine. Kompyuta huhifadhi herufi moja, kisha programu maalumu huchagua sura kulingana na majirani wa herufi hiyo. Kiburma kinahitaji programu ya aina hiyo, na Windows ilianza kuwa nayo katika toleo la 8, lililokuja pamoja na fonti yake ya Myanmar Text. Kwa hiyo katika Windows 7 mtu anaweza kusakinisha fonti kumi nzuri na bado asipate neno moja lililo sahihi. Dawa niliyoipata ni LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia hati, ambayo tangu toleo la 5.3 hubeba mpangaji wake wa herufi, HarfBuzz, na haiutegemei mfumo wa kompyuta. Ndani yake, Padauk ilisomeka hata katika mashine ile kongwe, ilimradi nilikuwa nimewasha katika mipangilio ya lugha sehemu ya maandishi changamano na kuichagulia fonti hiyo.

Baada ya hapo nilidhani kazi imekwisha. Nilifungua barua pepe ya Yangon, nikanakili maelezo ya picha ya kwanza, nikayapaka Padauk, na mwalimu, aliyekuwa ameketi pembeni yangu, akaegemea kioo.

“Mwanangu, haya maduara ndiyo Kiburma chenyewe?”

“Mengine ndiyo, Mwalimu,” nilimjibu. “Haya yenye vidoti ni kompyuta inalalamika.”

Swali lake lilikuwa la haki. Maandishi ya Kiburma yamejaa maduara hata yakiwa salama. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba wazee wao waliandika kwa ncha kali juu ya majani ya mitende, na mistari iliyonyooka ingeyapasua majani hayo. Lakini duara la vidoti ni jambo jingine. Kompyuta hulichora pale alama inapokosa konsonanti ya kuishikilia, na mbele yetu kulikuwa na maduara hayo karibu katika kila mstari.

Maandishi ya Yangon hayakuwa Unicode, ule mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake ndani ya kompyuta, bali Zawgyi. Hili ndilo jambo ambalo anayetaka kununua, kupakua au kusifia fonti yoyote ya Kiburma anapaswa kulielewa kwanza, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu kidogo. Unicode ilikipa Kiburma nafasi zake mwaka 1999, kuanzia namba 1000 hadi 109F kwa hesabu ya heksadesimali, na mpangilio wake ukarekebishwa na kukamilishwa katika toleo la 5.1 la mwaka 2008. Katika miaka hiyo ya kungojea, kompyuta nyingi hazikuwa na uwezo wa kupanga herufi, na fonti iitwayo Zawgyi-One ikajaza pengo kwa njia ya mkato: ilichukua namba zile zile za Unicode lakini ikaziwekea picha zilizokwisha kupangwa, kila sura ya herufi na namba yake, na ikamtaka mwandishi achape kwa mpangilio wa macho badala ya mpangilio wa sauti. Ni kama mtu aliyeamua kuipa kila sura ya ‘ayn namba yake kwa sababu kompyuta yake haikujua kuunganisha. Na kwa kuwa nafasi hazikutosha, Zawgyi ilijimegea hata zile ambazo Unicode ilizitenga kwa Kishan, Kimon na Kikaren, lugha za ndugu wa Waburma katika nchi moja.

Ubaya wa njia hiyo hauonekani mpaka maandishi yasafiri. Neno la nchi yenyewe, မြန်မာ, lina namba sita katika Unicode: “ma”, kisha alama ya “ra” inayoizunguka, kisha “na”, kisha alama ya kuua irabu, kisha “ma”, kisha “a”. Zawgyi nayo hutumia namba sita, lakini alama ya “ra” hutangulia, tena kwa namba ambayo katika Unicode ni ya alama ya “ya”, na alama ya kuua irabu huandikwa kwa namba ambayo katika Unicode ni amri ya kubebesha herufi moja chini ya nyingine. Padauk, ikisoma kwa uaminifu kile ilichoandikiwa, ilitupatia ျမန္မာ: alama ya “ya” ikining'inia kwenye duara la vidoti, na “ma” ya pili ikiwa imesukumwa chini ya “na”. Kwa asiyejua Kiburma, kama mimi, lilikuwa fumbo tupu. Jina la Kalewa lilikuwa na hatari zaidi kwa sababu halikuonyesha duara lolote. Kwa Unicode huandikwa ကလေးဝ, na irabu “e”, ingawa huchapwa baada ya “la”, huchorwa kushoto mwake. Katika Zawgyi irabu hiyo huchapwa kabla ya “la”, kwa hiyo Padauk iliikabidhi kwa konsonanti iliyoitangulia, yaani “ka”, na neno likawa safi kwa macho lakini likisoma kitu kisichokuwepo kwenye ramani. Kama ningelitegemea duara la vidoti kuwa kengele yangu, jina la mahali alipofika baba wa mteja lingechapwa likiwa limeharibika.

Myanmar ilihamia Unicode rasmi tarehe 1 Oktoba 2019, lakini kompyuta na simu za zamani hazikuhama siku hiyo zote, wala nyaraka zilizoandikwa kabla yake. Niliyabadilisha maelezo yote kwa Rabbit, kigeuzi cha bure ambacho msimbo wake uko wazi, na kwa sekunde chache tu maduara yote yalitoweka. Nawashauri wenzangu wasiishie hapo. Katika Zawgyi mtu anaweza kuchapa alama ile ile mara mbili juu ya mahali pamoja na macho yasigundue, kwa sababu picha ya pili hulala juu ya ya kwanza. Baada ya kugeuzwa, nakala ya pili hujitokeza. Katika maandishi yetu zilijitokeza mbili, nami nilimtumia rafiki wa Yangon picha ya ukurasa, wala si maandishi, ili aone ninachokiona mimi na wala si kile ambacho kompyuta yake ingeamua kumwonyesha.

Nikirudi kwenye Padauk yenyewe, ubora wake mkubwa ni usomekaji. Mistari ya herufi ni ya unene unaolingana, maduara yana uwazi wa kutosha hata kwa ukubwa wa pointi 9, na herufi zilizobebana hazigandani zikichapwa kwenye karatasi yetu ya kawaida ya gramu 80, inayonyonya wino kidogo. Ina unene wa aina mbili, wa kawaida na mzito, na ndugu yake aitwaye Padauk Book. Inabeba pia herufi za lugha nyingine za Myanmar, sifa ambayo sikuihitaji lakini naiheshimu, hasa baada ya kujua Zawgyi ilivyozitendea. Kasoro yake ni uchache huo huo wa unene. Nilipotaka kichwa cha jalada kiwe kizito sana, kama vile mabango ya mikutano yanavyoandikwa, Padauk haikuwa na la kunipa, na nililazimika kwenda kwingine.

Urefu wa mstari unahitaji onyo. Kiburma hupanda juu na kushuka chini kuliko herufi zetu, kwa hiyo aya ya Kiswahili na ya Kiburma za ukubwa mmoja haziwezi kukaa bega kwa bega bila moja kuonekana imebanwa. Mimi hupenda kuweka nafasi ya mistari kwa kipimo kamili, ni mazoea ya miaka mingi, na mazoea hayo yalikata miguu ya herufi zote zilizobebwa chini. Niliporuhusu programu ijipimie yenyewe, miguu ilirudi, lakini kijitabu kikaongezeka kurasa mbili. Vilevile Waburma hawaachi nafasi kati ya neno na neno. Huacha kati ya vifungu. Kompyuta isiyokuwa na kamusi ya Kiburma haijui mahali pa kukata mstari, na ama huupeleka nje ya ukingo au huukata mahali pabaya. LibreOffice ilikata vizuri mara nyingi. Pale ilipokosea nilipachika nafasi isiyo na upana, ile yenye namba 200B, mahali alipoelekeza rafiki wa Yangon.

Kuhusu kuchapa, kibodi ya Kiburma ya Windows 10 huongezwa katika mipangilio ya lugha, na programu ya Keyman, ambayo pia ni ya bure, ina kibodi kadhaa kwa wanaotaka nyingine. Kwa mtu asiyejua lugha nashauri kunakili na kutochapa, isipokuwa jina moja moja.

Mkasa wa mwisho ulitokea kwa mchapaji. Nilipeleka hati ya kawaida kwenye kiwanda kimoja cha uchapaji mjini, nikiwa nimeweka fonti kwenye flashi na maagizo kwamba isakinishwe kwanza. Niliporudi kesho yake kuona sampuli, kila neno la Kiburma lilikuwa safu ya visanduku vitupu, na kijana wa zamu akanieleza kwa upole mwingi kwamba alidhani ni mapambo. Sikuwa na haki ya kumlaumu sana, kwani kosa la kwanza lilikuwa langu: hati yenye maandishi ya namna hii haipelekwi mahali popote ila ikiwa PDF yenye fonti ndani yake, na leseni ya Padauk hairuhusu mtu kutoa kisingizio. Sampuli ya pili ilitoka sawa.

Fonti nyingine nilizozijaribu nitazipitia haraka. Myanmar Text tayari imo katika Windows 8 na matoleo yaliyofuata, na inamfaa anayetaka kusoma barua tu bila kusakinisha chochote, ila huacha nafasi kubwa mno kati ya mistari kwa kazi ya kitabu. Noto Sans Myanmar ya Google ina unene wa aina tisa, kutoka mwembamba kama uzi hadi mzito kabisa, na ndiyo niliyoitumia kwenye jalada. Kwa tovuti na mabango ningeianza hiyo kabla ya Padauk, ingawa ndani ya kitabu naiona baridi kidogo. Pyidaungsu inatumika sana katika nyaraka za serikali ya Myanmar, na jina lake lina maana ya muungano, neno ambalo Mtanzania hahitaji kulieleza. Wenye kompyuta za Apple wana Myanmar MN bila kupakua kitu. Zote hizo ni za Unicode, kwa hiyo unaweza kubadilisha moja kwa nyingine bila maandishi kuharibika. Ningepanga kitabu kingine cha Kiburma kesho, ningetumia Padauk tena, nikiipa nne kati ya tano.

Kabla ya kuchapa nakala mia mbili za mwisho nilifanya jaribio ambalo sikulifikiria mwanzoni. Nilitafuta jina la Kalewa ndani ya PDF, nikijua limeandikwa mara saba, na programu ikalipata mara sita. Nililipekua la saba katika ukurasa wa 31, nikalikuza hadi likajaza kioo, na bado nikaliona halina tofauti na mengine. Ni rafiki wa Yangon aliyelitambua, baada ya kumtumia maandishi yenyewe safari hii. Herufi “wa”, ဝ, ambayo ndiyo mwisho wa jina hilo, na tarakimu ya sifuri, ၀, ni maduara mawili yanayokaribia kufanana kabisa katika fonti nyingi, Padauk ikiwamo. Kati ya majina yote ya kijitabu kile, hilo moja ndilo nililolichapa kwa mkono wangu.